Saba Saba ya Pande Mbili

Kalenda ina siku 365, na katika mwaka mrefu 366, lakini mambo ya wanadamu hayana idadi. Lazima basi mambo mengi yakutane katika siku moja, mithili ya wasafiri wanaolala nyumba moja ya wageni pasipo kujuana. Mtu akifungua kitabu cha historia na kuona misiba miwili, au furaha mbili, chini ya tarehe moja, kwanza hushangaa. Kisha, kwa kuwa tabia ya mwanadamu ni kutafuta maana, huanza kusema kwamba siku ile ina baraka au ina nuhusi. Imani hii ni ya kale, na wenye elimu ya falaki katika pwani waliitegemea kwa kuchagua siku za safari na za ndoa. Hata hivyo, haifai kupokewa bila kuulizwa.

Mkutano wa mambo katika siku moja ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni sadfa. Tarehe 7 Aprili 1972 Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi mjini Unguja. Tarehe 7 Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalienea Rwanda. Misiba hii miwili haikuzaliwa na mama mmoja, wala wa pili haukumbuki wa kwanza. Namna ya pili ni uchaguzi. Chama cha Afro-Shirazi kiliundwa tarehe 5 Februari 1957, Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari 1967, na Chama cha Mapinduzi kikazaliwa tarehe 5 Februari 1977. Tarehe ya mwisho ilichaguliwa na watu waliozikumbuka zile za kwanza. Katika namna ya kwanza siku iliwakuta watu. Katika namna ya pili watu waliifuata siku. Asiyepambanua namna hizi mbili huweza kuabudu sadfa, au kudhani kwamba mpango wa binadamu ni amri ya nyota.

Iko siku moja, lakini, ambayo ndani yake sadfa na uchaguzi vimechanganyika hata ni shida kuvitenga. Siku hiyo ni tarehe 7 Julai, nayo huonekana vizuri zaidi na mtu aliyesimama Turwa.

Turwa ni kata ya mji wa Tarime, katika mkoa wa Mara, nchi ya Wakuria. Ni nchi ya vilima na hewa ya baridi, yenye mahindi, ndizi na kahawa, na ng'ombe ndiye kipimo cha heshima ya mtu na cha mahari ya binti yake. Barabara kuu itokayo Mwanza na Musoma hupita Tarime, ikaendelea kaskazini mpaka Sirari, na hapo Tanzania hukoma. Hatua chache mbele ni Isebania, nchi ya Kenya. Watu wa hapa hawahitaji ramani kujua kwamba dola mbili zimepakana, maana soko moja huwaonyesha fedha za namna mbili.

Kata nyingine ya mji huohuo wa Tarime huitwa Sabasaba. Watoto hulitaja jina hilo kila siku wakiagizwa dukani, wala hawafikiri kwamba wanataja tarehe. Lakini ndivyo ilivyo: ni siku ya saba ya mwezi wa saba, ambayo imeondoka katika kalenda ikaenda kukaa ardhini. Neno lenyewe lina safari yake. Saba ni neno lililotoka katika Kiarabu. Kiswahili kilikuwa na neno lake la asili kwa hesabu hiyo, nalo limebaki katika fungate, zile siku saba za maarusi. Mkuria naye husema muhungate, neno ambalo kila mwenye sikio hutambua kuwa ni ndugu wa fungate. Hivyo hata katika kuhesabu, watu wa mlimani na watu wa pwani walikuwa na jambo la pamoja kabla ya dola yoyote kuwaunganisha au kuwatenga.

Saba Saba ya kwanza ilikuwa siku ya Jumatano, mwaka 1954. Mjini Dar es Salaam, katika nyumba ya Chama cha Waafrika wa Tanganyika iliyokuwa New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba, walikutana wajumbe wachache. Idadi yao hutajwa kuwa 17. Walikuwamo Abdulwahid Sykes na ndugu yake Ally, John Rupia, Dossa Aziz, Saadani Abdu Kandoro, na mwalimu mmoja wa shule ya Pugu, Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huuhuu wa Mara. Chama chao kilichoanza mwaka 1929 walikigeuza kuwa chama cha siasa, wakakiita Tanganyika African National Union, yaani TANU. Hawakuwa na jeshi wala hazina. Walikuwa na chumba, na walikuwa na lugha moja ambayo mtu wa Tanga na mtu wa Tabora waliweza kusikilizana kwayo bila mkalimani.

Wahenga husema siku njema huonekana asubuhi. Asubuhi ya Jumatano ile haikuonyesha lolote. Wapita njia hawakusimama. Wema wa siku ile ulionekana baadaye, kwa kazi ya miaka 7 na miezi 5, hata ikafika tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Laiti kazi ile ingeshindwa, 7 Julai ingekuwa siku ya kawaida, na kata moja ya Tarime ingeitwa jina jingine. Sikukuu huzaliwa mara mbili: mara ya kwanza tendo linapotendeka, na mara ya pili watu wanapokubali kulikumbuka.

Saba Saba ya pili ilikuwa siku ya Jumamosi, mwaka 1990, na ilitokea ng'ambo ya mpaka. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu mwaka 1982. Mwezi Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliopata kuwa mawaziri, walidai hadharani vyama vingi viruhusiwe. Waliita mkutano wa watu wote katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai. Serikali ilikataa kutoa kibali. Siku tatu kabla ya mkutano viongozi hao wawili walikamatwa wakawekwa kizuizini. Juu ya hayo watu walikwenda, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi, kwa rungu na kwa risasi. Ghasia ziliendelea kwa siku kadhaa zikaenea hata miji mingine. Watu wapatao 20 walikufa na wengi zaidi walitiwa ndani. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi kamili hata alipofariki mwaka 2018. Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kilifutwa katika katiba, na Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura kwa vyama vingi.

Basi jina ni moja, na tarehe ni moja, lakini kumbukumbu ni mbili. Kusini ya Sirari Saba Saba ni sikukuu ya taifa: ofisi za serikali hufungwa, na Dar es Salaam watu humiminika katika viwanja vya maonyesho ya biashara vilivyo barabara ya Kilwa, wakatazama matrekta na vitambaa, wakala na kunywa. Kaskazini ya Isebania Saba Saba si sikukuu. Ni siku ya kazi ambayo wazazi katika miji mikubwa huwakanya vijana wao wasitoke. Tarehe 7 Julai 2025 vijana walitoka tena kuikumbuka ile ya mwaka 1990, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikahesabu waliokufa siku hiyo kuwa si chini ya 31. Mtu wa mpakani akitamka Saba Saba upande mmoja hujibiwa kwa tabasamu, na akitamka upande wa pili hujibiwa kwa ukimya. Neno halikubadilika, mtu amevuka barabara tu.

Mwenye haraka atasema kwamba hii ni sadfa, na kwamba siku hizi mbili hazina la kuambiana. Lakini matukio ya siku moja hayafundishi kwa kukutana kwake. Hufundisha yanapoulizwa swali moja. Swali la 7 Julai ni hili: nani aliruhusiwa kukutana na nani? Mwaka 1954 watu wa Tanganyika walikutana katika chumba, na serikali ya kikoloni, kwa dharau au kwa kutojua, haikuwazuia siku ile. Mwaka 1990 watu wa Kenya, raia wa nchi iliyokuwa huru, walizuiwa kukutana katika uwanja. Hapo ndipo siku mbili zinapotazamana usoni. Haki iliyozaa taifa moja ndiyo haki iliyonyimwa watu wa taifa jirani, na si mgeni aliyewanyima bali mwenyeji.

Wala upande wa kusini usijione safi mno. Chama kilichozaliwa katika chumba cha New Street kilifanywa na Katiba ya mwaka 1965 kuwa chama pekee cha siasa cha Tanzania Bara. Tangu hapo, watu wengine 17 kama wangalikutana katika chumba kingine kufanya walivyofanya waasisi wa TANU, wangalivunja sheria. Hali hiyo iliendelea mpaka Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipozunguka nchi ikisikiliza maoni. Walio wengi waliosikilizwa walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ilipendekeza vyama vingi, na tarehe 1 Julai 1992 sheria ikaviruhusu. Baada ya hapo sikukuu ya Saba Saba haikuweza tena kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama kimoja tu. Ikabaki katika kalenda, lakini ikavishwa nguo mpya ya siku ya biashara, na wakulima wakapewa Nane Nane kuwa siku yao. Kwa hiyo siku huweza hata kubadilishiwa maana kwa sheria, na watu wakaendelea kuisherehekea.

Hiyo tarehe 1 Julai iliyotajwa hapa nayo ina mambo yake, na kwa Mkuria mambo hayo ni mazito kuliko ya Saba Saba. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika ya Mashariki. Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, ikauachia Uingereza ulinzi wa Zanzibar. Mkataba ulithibitisha mstari uliokubaliwa tangu mwaka 1886: uanze mlango wa mto Umba, ulizunguke tako la kaskazini la Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja mpaka pwani ya mashariki ya ziwa la Nyanza, pale ambapo nyuzi 1 ya kusini ya ikweta hukata ufuko. Maneno moja kwa moja ni rahisi kuandikwa mezani. Katika nchi yenyewe mstari ule ulipita kati ya boma na malisho yake, kati ya mjomba na mpwa wake. Koo za Kikuria, kama vile Wairege na Wanyabasi, zikajikuta zina watu pande zote mbili. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo Berlin.

Wakuria wa wakati ule hawakujua kwamba siku hiyo iliitwa 1 Julai. Wao walihesabu miaka kwa marika ya tohara, na kila rika lilikuwa na jina lililokumbusha jambo lililotokea. Kwao wakati ulikuwa mali ya watu waliotahiriwa pamoja, na ndugu wa rika walijuana popote walipokaa. Mpaka na kalenda viliwafikia pamoja, vimeletwa na mkono mmoja. Ndiyo sababu mtu wa Turwa anayeisoma tarehe hii leo husoma habari za siku ambayo babu zake waliilala na kuiamkia kama siku nyingine yoyote, huku urithi wao ukikatwa vipande viwili mbali nao.

Mstari wa karatasi huweza kusahauliwa, na kwa miaka mingi watu waliuvuka wakienda arusini na matangani. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoanza mwaka 1967, ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulibaki umefungwa mpaka mwaka 1983. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Wakubwa waligombea ndege, reli na fedha. Mwanamke wa Turwa aliyeolewa ng'ambo, akiletewa habari ya kufiwa na baba yake, ilimpasa ama alie palepale alipo, ama apite njia za panya usiku kama mwizi kwenda kumzika mzazi. Swali la Saba Saba likarudi kwa sura nyingine: nani aliruhusiwa kukutana na nani?

Jibu lilikuja polepole, na likaja katika siku zilezile. Tarehe 30 Novemba 1999 Marais Benjamin Mkapa, Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walitia saini mjini Arusha mkataba wa kuifufua Jumuiya. Mkataba ulianza kutumika siku ya Ijumaa, tarehe 7 Julai 2000. Na ilipofika tarehe 1 Julai 2010, miaka 120 kamili tangu ule mkataba wa Berlin, Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kazi, ikitamka kwamba watu, bidhaa, huduma na mitaji ya nchi wanachama vipite kwa uhuru. Rwanda na Burundi, zilizopata uhuru wao tarehe 1 Julai 1962, zilikuwa zimeingia katika Jumuiya tarehe 1 Julai 2007.

Je, hii ni sadfa au uchaguzi? Julai mosi ndio mwanzo wa mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda, na mambo mengi ya serikali hupenda kuanza siku hiyo. Sababu hiyo ni ya makarani, haina siri. Lakini sababu ndogo haipunguzi maana kubwa. Sirari na Isebania leo zina kituo cha pamoja cha mpakani, na msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Mstari ungalipo. Ng'ombe huibwa na kuvushwa, ushuru hubishaniwa, na karatasi zinazotakiwa hazipungui kwa haraka kama mikataba inavyoahidi. Hata hivyo, yule mwanamke akifiwa leo hupita barabarani mchana, na hilo si jambo dogo kwa anayelia.

Limebaki jambo moja la 7 Julai, nalo ni uchaguzi mtupu. Tarehe 23 Novemba 2021, mjini Paris, Mkutano Mkuu wa UNESCO uliamua kwamba 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na siku hiyo ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2022. Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Afrika kupewa siku yake na Umoja wa Mataifa. Siku hiyo ilichaguliwa kwa kumbukumbu ya TANU, iliyokifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru. Waliochagua walitazama Jumatano ya mwaka 1954. Jumamosi ya mwaka 1990 haikutajwa, japo waliokwenda Kamukunji waliiita siku yao kwa Kiswahili, na kwa jina lilelile.

Hapo Turwa inaweza kuwakumbusha wenye sherehe jambo wanalolisahau. Mkuria hakuzaliwa na Kiswahili. Alizaliwa na Kikuria, na Kiswahili alikipata sokoni, shuleni na barabarani. Lakini ndicho anachokutana nacho na Mjaluo, na Msukuma, na ofisa wa forodha wa upande wowote. Lugha hii haikukua kwa kuwekewa siku. Ilikua kwa sababu watu walitaka kukutana na hawakuwa na njia nyingine iliyo nyepesi. Kuisifu lugha huku watu wake wanazuiwa kukutana ni sawa na kuusifu mlango uliofungwa kwa ufundi wa seremala wake.

Siku, basi, haina kosa wala haina sifa. Haikuwaita wale 17, haikuwapiga wale wa Kamukunji, wala haikuandika mkataba. Hayo yote yalitendwa na watu, na watu ndio wa kushukuriwa na wa kulaumiwa. Kazi ya kumbukumbu ni kuzishika pande zote za siku, ile inayofurahisha pamoja na ile inayoumiza, kwa maana anayekumbuka nusu ya siku hujidanganya nusu ya maisha yake. Tarehe 7 Julai ikiwadia, mtu wa Turwa apande gari mpaka Sirari, avuke, aamkiane na ndugu wa rika lake, akae nao, akawaeleze kwa nini kwao ofisi zimefungwa, nao wamweleze kwa nini kwao mama zao hawakulala. Wakifanya hivyo watakuwa wameielewa Saba Saba, na watakuwa wameiadhimisha kwa tendo lilelile lililoianzisha, yaani kukutana.